Somo la 12: Msimu wa Mkimbiaji wa Chumbageni

Katika somo hili tutasoma habari za mtu mzima anayejiandaa kwa mbio za njia za milimani. Tutajifunza mambo matatu: jinsi ya kuanza mazoezi, jinsi ya kuyaongeza bila kuumia, na jinsi daftari linavyomsaidia mkimbiaji. Mwisho wa somo kuna maneno ya kujifunza, maswali, na kazi ya kuandika.

1. Nani anaweza kukimbia?

Watu wengi hufikiri kwamba mbio ni kazi ya watoto wa shule, askari na mabingwa. Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani alfajiri, huulizwa, "Kuna nini? Nani anakukimbiza?"

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu. Walijifunza kujikinga na malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara. Walichimba vyoo na kusafisha maji. Kazi hiyo bado haijaisha. Lakini siku hizi yako magonjwa mengine yanayozidi kutusumbua. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwao. Magonjwa haya hayaletwi na mbu wala maji machafu. Kukaa sana bila kuushughulisha mwili ni moja ya mambo yanayoyaongeza.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Mkulima anayelima kwa jembe tangu asubuhi amekwisha kupata zaidi ya hizo. Lakini je, mshona nguo? Je, mwenye duka? Je, dereva? Hao hukaa kutwa nzima. Kwao, kutembea kwa haraka na kukimbia polepole ni dawa isiyouzwa dukani.

2. Fundi wa Chumbageni

Tuchukue mfano. Tumfikirie fundi baiskeli wa Chumbageni, mjini Tanga. Ana miaka 42. Ana mke na watoto wanne. Kazi yake ni kuchuchumaa na kukaa juu ya kigoda, akiziba pancha na kunyoosha rimu. Miguu na mikono yake ndiyo shamba lake. Akiumia, nyumba nzima hukosa posho.

Mwezi wa Mei fundi alisikia kwamba mwisho wa Septemba kutakuwa na mbio za kilomita 21 katika milima ya Usambara. Mbio hizo si za barabara ya lami. Ni za njia za miguu, zenye mizizi, mawe, matope, kupanda na kushuka. Fundi alitamani kwenda. Hakutaka kikombe. Alitaka kuona kama mwili wake unaweza.

Je, afanye nini kwanza? Avue shati na kuanza kukimbia? Hapana.

Kwanza alikwenda kituo cha afya kupimwa shinikizo la damu. Mtu aliyepita miaka 40, au mwenye kisukari, au anayepata maumivu ya kifua, apimwe kabla ya kuanza mazoezi mazito. Fundi aliambiwa shinikizo lake limepanda kidogo, na kwamba mazoezi ya polepole yatamfaa. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza kukimbia. Aendelee nazo mpaka mganga aseme vingine.

Pili, alizungumza na mkewe. Mazoezi huchukua muda wa nyumbani. Walikubaliana siku nne kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili.

Tatu, alinunua daftari.

3. Kuchagua majira na saa

Fundi alianza mwezi wa Juni. Kwa nini Juni? Masika huanza Machi na kwisha Mei. Baada ya hapo upepo wa kusi huvuma, na joto la pwani hupungua. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mizuri kwa mazoezi katika mkoa wa Tanga. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali.

Joto la pwani lina hatari yake. Jasho hupoza mwili linapokauka. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Jasho hudondoka tu bila kukauka, na mwili huzidi kupata moto. Kwa hiyo fundi hutoka saa 11 na nusu alfajiri, baada ya sala. Hukimbia kutoka Chumbageni kuelekea pwani ya Raskazone, kisha hurudi. Saa 1 asubuhi amekwisha kuoga na kufungua kibanda chake.

Barabarani hukimbia upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto. Mkimbiaji akiwa kulia huyaona magari yanayomjia usoni.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mazoezi yapunguzwe. Wafanye mepesi, karibu na saa ya kufuturu, ili wasikae muda mrefu na kiu. Na mwenye homa asikimbie kabisa. Akapime malaria kwanza.

4. Haba na haba

Wiki ya kwanza fundi hakukimbia sana. Alikimbia dakika 2, akatembea dakika 3. Akarudia hivyo mpaka dakika 30 zikatimia. Kipimo chake kilikuwa mazungumzo. Kama anaweza kusema maneno kadhaa bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Kama hawezi kusema, anakwenda mbio mno.

Mpango wake wa Jumapili, siku ya mazoezi marefu, aliuandika hivi:

Wiki ya 1: dakika 40.
Wiki ya 2: dakika 45.
Wiki ya 3: dakika 50.
Wiki ya 4: dakika 40, kupumzisha mwili.
Wiki ya 5: saa 1.
Wiki ya 6: saa 1 na dakika 10.

Tazama wiki ya 4. Dakika zimepungua. Hilo si kosa la hesabu. Mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Mazoezi hubomoa kidogo, na usingizi na chakula hujenga upya.

Sasa soma sehemu hii kwa makini, maana wengi huumia kwa kutoijua. Moyo, mapafu na misuli huzoea mazoezi mapema. Baada ya wiki chache tu mtu huona pumzi haimkatiki. Lakini kano na mifupa huchelewa. Huhitaji miezi. Kwa hiyo hufika wakati ambapo pumzi inasema "twende" na mifupa inasema "ngoja". Sauti ya pumzi ni kubwa. Sauti ya mifupa ni ndogo, na husikika baadaye kwa maumivu.

5. Mguu wa fundi

Wiki ya 6 fundi alijiona ana nguvu. Jumanne aliwakuta vijana wakifanya mbio za kasi karibu na uwanja wa Mkwakwani, akaingia kati yao. Jumapili alipita Raskazone, akaendelea. Jumatatu asubuhi alipokanyaga chini, ugoko wa mguu wa kushoto ulimchoma. Alitembea akichechemea mpaka kibandani.

Jioni alikwenda kwa mzee jirani yake, mstaafu wa reli, ambaye ujanani alikuwa mkimbiaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hujambo?"

"Sijambo, ila mguu. Nimekuja kuomba ushauri."

"Umeanza kuuma lini?"

"Leo asubuhi."

"Wiki iliyopita ulifanya nini?"

"Mazoezi ya kawaida tu, mzee."

"Daftari linasemaje?"

Fundi alilifungua akasoma kwa sauti: "Wiki ya 5, Jumapili, saa 1. Wiki ya 6, Jumanne, mbio za kasi na vijana. Wiki ya 6, Jumapili, saa 1 na dakika 50."

"Soma tena," mzee alisema.

Fundi alisoma tena. Safari hii alisoma kimya. Mpango ulisema saa 1 na dakika 10. Yeye alikwenda saa 1 na dakika 50.

"Basi mguu haukukuonea," mzee alisema. "Nenda kituo cha afya kesho. Mfupa ukiuma mahali pamoja, hasa ukibonyezwa, huenda una ufa. Ukiendelea kukimbia juu ya ufa, utavunjika. Nani atalisha watoto?"

Kituo cha afya walimpima. Mfupa ulikuwa mzima, ila umechoshwa. Aliambiwa asikimbie kwa siku 10. Aliruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli polepole. Siku hizo 10 zilimwia ndefu. Lakini aliporudi barabarani pumzi yake ilikuwa bado nzuri. Alianza na dakika 45, akaongeza kidogo kidogo. Mwisho wa Agosti alifika saa 2. Katikati ya Septemba alifika saa 2 na dakika 20. Wiki mbili za mwisho alipunguza, ili afike mlimani hajachoka.

Tangu siku ile, fundi hutazama daftari kabla ya kuvaa viatu. Huandika mistari minne tu: siku, muda, njia, na jinsi mwili unavyojisikia. Kwa mfano:

"Alhamisi. Dakika 40. Chumbageni hadi Raskazone na kurudi. Ugoko kimya. Nimelala vizuri."

Mtu akiwa na hamu husahau alichofanya juzi. Daftari halisahau.

6. Mabingwa wetu walichukua muda gani?

Je, polepole hii ni ya watu dhaifu tu? Tuwatazame mabingwa.

Juma Ikangaa wa Tanzania alikimbia marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 1988. Alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1 tu. Mwaka 1989 alirudi Boston, akawa wa pili tena. Lakini Novemba mwaka huo huo alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Alphonce Simbu alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia, London, mwaka 2017. Medali ya dhahabu aliipata Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Ilibidi kutazama picha ya mstari wa mwisho ili kumjua mshindi. Kutoka shaba hadi dhahabu ilikuwa miaka 8.

Na wanawake pia wamo. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.

Mlimani yupo Simon Mtuy, kiongozi wa wapanda mlima, mwenyeji wa Kilimanjaro. Mwaka 2004 alipanda hadi kilele cha mita 5,895 na kushuka kwa saa 8 na dakika 27. Wageni wengi hutumia siku 5 au zaidi. Kileleni mtu hupata karibu nusu tu ya hewa anayoipata pwani kwa kila pumzi. Asiyezoea huweza kufa huko. Mtuy aliuzoea mlima kwa miaka mingi kabla ya kuukimbilia.

Tusimsahau John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Alianguka njiani akaumia goti. Alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa 1 nyuma ya mshindi. Dunia nzima inamheshimu mpaka leo. Lakini fundi wa Chumbageni hakutumwa na taifa. Ametumwa na nafsi yake, na nyumbani anangojwa. Mkimbiaji wa kujifurahisha akiumia, heshima yake ni kusimama.

7. Siku ya mlimani

Mji wa Tanga uko tambarare, na mbio ni za milimani. Kwa hiyo Jumapili mbili za Septemba fundi alipanda gari hadi Muheza, kisha Amani, katika Usambara ya Mashariki. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, na msitu wake ni wenye unyevu. Huko alijifunza haya:

Kwanza: Mlima mkali hupandwa kwa kutembea. Hatua ziwe fupi. Anayetembea vizuri mara nyingi humpita anayekimbia vibaya.

Pili: Kushuka huumiza miguu kuliko kupanda. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi za haraka, usijivute nyuma.

Tatu: Tazama hatua tatu au nne mbele, si vidole vyako. Mizizi yenye maji huteleza kama sabuni.

Nne: Usiende msituni peke yako. Chukua maji, simu, filimbi na kanga au shuka jepesi. Waambie watu unapita njia gani.

Tano: Kunywa ukisikia kiu. Kukosa maji ni hatari, lakini kunywa maji mengi kupita kiasi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu huchujuka.

Usiku kabla ya mbio fundi alikula wali na maharage. Alfajiri alikunywa uji na kula ndizi mbili, kama saa 2 kabla ya kuanza. Hakuvaa viatu vipya. Alivaa vile vile vya mazoezi, alivyovinunua mitumbani.

Mbio zilipoanza, vijana walitoka kwa kasi. Fundi aliwaacha waende. Kwenye mlima wa kwanza alitembea. Kwenye mlima wa pili alianza kuwapita baadhi yao, wameshika viuno. Kwenye mteremko wa mwisho ugoko ulimkumbusha kidogo. Alipunguza mwendo. Watu sita walimpita, akawaacha wapite. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 12. Hakupata zawadi. Jumatatu asubuhi alifungua kibanda chake saa 1 kama kawaida, miguu imekaza lakini mizima, na mteja wa kwanza alikuwa na pancha mbili.

Katika daftari aliandika: "Jumapili. Saa 3 na dakika 12. Usambara. Ugoko umenikumbusha mara moja, nimeusikia."

8. Mambo ya kukumbuka

Pima afya kabla ya kuanza.
Anza kwa kutembea.
Ongeza kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne punguza.
Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama, nenda kituo cha afya.
Maumivu ya mfupa si ya kuvumiliwa.
Andika kila siku ya mazoezi, na usome ulichoandika.

Wahenga walisema: Mwenda pole hajikwai.

Maneno ya kujifunza

Ugoko: sehemu ya mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo.
Kano: nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli na mifupa.
Ufa: mpasuko mdogo.
Kusi: upepo utokao kusini, wakati wa baridi ya pwani.
Tambarare: mahali pasipo na milima wala mabonde.
Mteremko: mahali pa kushukia.

Maswali

1. Kwa nini fundi alikwenda kituo cha afya kabla ya kuanza mazoezi?
2. Kwa nini mazoezi ya wiki ya 4 yalipunguzwa?
3. Kitu gani huzoea mazoezi mapema, na kitu gani huchelewa?
4. Fundi alimwambia mzee kwamba alifanya mazoezi ya kawaida tu. Daftari lilisema nini?
5. Wiki ya 6 fundi alizidisha mpango wake wa Jumapili kwa dakika ngapi?
6. Jadilianeni: Akhwari aliendelea akiwa ameumia. Fundi alipunguza mwendo. Je, wote wawili walifanya vema? Kwa nini?

Kazi ya kuandika

Chagua kazi moja inayoushughulisha mwili wako: kulima, kuchota maji, kutembea kwenda sokoni, kuendesha baiskeli au kukimbia. Kwa siku 7 andika siku, muda, njia au mahali, na jinsi mwili unavyojisikia. Siku ya 8 lete daftari lako darasani, ulisome mbele ya wenzako. Waeleze jambo moja uliloliona katika daftari ambalo hukulijua kabla ya kuandika.